Fedha za Umma na Michezo ya Ujirani: Zatoka Wapi, Zaishia Wapi?

Mwezi Agosti mwaka 2025 Afrika Mashariki ilikuwa na mikusanyiko miwili ya michezo kwa wakati mmoja. Wa kwanza kila mtu aliusikia. Tarehe 2 Agosti, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, Tanzania iliifunga Burkina Faso mabao 2-0 na kufungua Mashindano ya Mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, yanayojulikana kwa jina la CHAN. Kwa mwezi mzima timu 19 zilicheza Dar es Salaam, Zanzibar, Nairobi na Kampala, mpaka tarehe 30 Agosti, siku ambayo Morocco iliifunga Madagascar mabao 3-2 katika Uwanja wa Kasarani na kuondoka na kombe pamoja na zawadi ya Dola za Marekani milioni 3.5.

Mkusanyiko wa pili wengi wetu hatukuusikia. Mwezi huohuo, katika mji wa Kakamega ulioko magharibi mwa Kenya, wanafunzi wa shule za sekondari kutoka nchi za ukanda huu walikutana katika michezo ya kila mwaka ya shirikisho la michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA. Walicheza soka, netiboli, voliboli, mpira wa kikapu, mpira wa mikono, magongo na raga. Mwaka mmoja kabla walikutana Mbale, Uganda. Mwaka 2023 walikuwa Huye, Rwanda. Na mwaka 2022 walikuwa Arusha. Hakuna zawadi ya mamilioni ya dola iliyokuwa ikiwangoja mwisho wa safari.

Mikusanyiko hii miwili ni matunda ya mti mmoja, nao ni ushirikiano wa michezo unaovuka mipaka ya nchi. Mti huo hunyweshwa kwa fedha za umma, lakini maji hayafiki sawa katika kila tawi. Katika ukurasa huu wa familia tumeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa utulivu, kwa sababu fedha hizo ni zetu, watoto wanaocheza ni wetu, na sehemu ya fedha hizo inatoka mahali ambapo mzazi yeyote mwenye kijana mwenye simu angependa kupafahamu.

Udugu ulio mkubwa kuliko mpaka

Tuanze na asili yake. Mashindano ya soka baina ya nchi za ukanda huu hayakuanza na serikali zetu huru. Yalianza mwaka 1926, wakati Kenya na Uganda zilipoanza kushindania Kombe la Gossage, lililopewa jina la mtengeneza sabuni William Gossage. Tanganyika iliingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kwa hiyo mfadhili wa kwanza alikuwa mfanyabiashara aliyetaka sabuni yake ijulikane. Baada ya uhuru, mwaka 1967, mashindano hayo yakawa Kombe la Chalenji, nalo ndilo ambalo Zanzibar ililitwaa mwaka 1995 na kuwapa watu wa visiwani furaha wanayoisimulia hadi leo.

Kombe hilo lilionyesha nguvu yake katika miaka migumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka mwaka 1983. Jamaa waliokuwa Namanga upande huu na upande ule, Horohoro na Lungalunga, Holili na Taveta, wakatenganishwa na lango. Lakini mwaka 1981, mpaka ukiwa bado umefungwa, Tanzania ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Chalenji, na Kenya ndiyo iliyolibeba. Njia ambayo mfanyabiashara na mkwe walikatazwa kupita, mpira ulipita.

Hapo ndipo tunapoiona thamani halisi ya michezo ya ujirani. Familia nyingi za Kiislamu katika ukanda huu zina ndugu Mombasa, Tanga, Unguja, Kampala na Bujumbura. Mtu anaweza kuwa na babu mzaliwa wa Lamu, mama wa Pangani na shangazi aliyeolewa Jinja. Kwa watu wa aina hiyo, timu ya nchi jirani ni timu ya nyumba ya pili, na kushindwa nayo ni jambo la kutaniana kwenye simu.

Viongozi walipoihuisha Jumuiya waliliandika jambo hili. Mkataba uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 una kifungu cha 119, kinachozitaka nchi wanachama zishirikiane katika utamaduni na michezo, na ndani yake Kiswahili nacho kimetajwa. Ni kusema kwamba ushirikiano wa michezo ni ahadi iliyomo kwenye mkataba. Kilichobaki ni swali la bajeti: ahadi hiyo hulipiwaje?

Kile ambacho serikali peke yake huweza kukilipa

Wapo wanaouliza kwa nini serikali iingie katika gharama za mpira ilhali hospitali zina upungufu wa dawa. Swali hilo ni la haki na tusilidharau. Lakini ni vyema kujua kwamba mashindano ya nchi kwa nchi hayawezekani bila mkono wa serikali. Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, huomba dhamana za serikali kuhusu ulinzi, uingiaji wa wageni, barabara, viwanja vya ndege, hospitali na viwanja vya kuchezea. Chama cha mpira hakiwezi kutoa dhamana hizo, na mfadhili wa sabuni wa leo hawezi pia.

Serikali inapolegea, gharama yake huonekana. Kenya ilipewa uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 1996, ikanyang'anywa, na Afrika Kusini ikawa mwenyeji. Ikapewa tena uenyeji wa CHAN ya mwaka 2018, na mwaka 2017 ikanyang'anywa kwa sababu maandalizi yalichelewa. Mashindano yakahamia Morocco. Mara mbili nchi moja ilijaribu peke yake na mara mbili mzigo ukaishinda.

Hiyo ni sababu mojawapo iliyozifanya Kenya, Uganda na Tanzania ziungane katika ombi lililoitwa Pamoja. Tarehe 27 Septemba 2023 CAF ilizipa nchi hizo tatu uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027. Kabla ya hapo mashindano hayo yaliwahi kuandaliwa na nchi mbili kwa pamoja, lakini hayajawahi kuandaliwa na nchi tatu. Kila nchi ilitakiwa kulipa ada ya uenyeji ya Dola milioni 30, na hiyo ni kabla ya kuchanganya saruji ya kiwanja kimoja.

Na saruji imechanganywa kwa wingi. Tanzania inajenga Arusha uwanja wa kuchukua watu takribani 30,000, na Uwanja wa Amaan wa Unguja ulikarabatiwa ukafunguliwa upya Desemba 2023. Uganda imejenga Hoima uwanja wa watu 20,000. Kenya ilianza Machi 2024 kujenga Uwanja wa Talanta jijini Nairobi, wa watu 60,000. CHAN ya mwaka 2025 ilikuwa jaribio la mzigo huo wote, na jaribio lenyewe halikuwa jepesi: lilipangwa kufanyika Februari, likasogezwa mpaka Agosti kwa sababu viwanja na huduma zake vilihitaji muda zaidi.

Faida zilionekana, na kuzikana itakuwa ni kukosa insafu. Wenyeji wote watatu walifika robo fainali. Tarehe 10 Agosti Kenya iliifunga Morocco, timu iliyokuja kuwa bingwa, bao 1-0. Unguja ilizipokea Senegal, Sudan, Nigeria na Congo, na Sudan, nchi ambayo watu wake wanateseka kwa vita, ilicheza mpaka nusu fainali. Kasoro nazo zilionekana: CAF ililazimika kupunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya mashabiki kuvunja taratibu za usalama langoni. Kujenga uwanja ni kazi ya mhandisi, lakini kumfundisha mtu asubiri zamu yake mlangoni ni kazi inayoanzia nyumbani.

Chanzo cha fedha

Sasa tuje kwenye jambo ambalo halizungumzwi sana majumbani. Fedha hizi hutoka wapi?

Sehemu kubwa hutoka kwenye hazina ya serikali, yaani kodi tunayolipa kwenye sukari, mafuta na mishahara. Lakini katika nchi zetu umeingia utaratibu mwingine. Kenya ina Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ulioanzishwa mwaka 2018, na chanzo chake kikuu ni kodi zinazotozwa kamari, bahati nasibu na michezo mingine ya kubahatisha. Mfuko huo haulipii michezo peke yake. Husaidia sanaa na huduma za jamii, ikiwemo afya. Ndio unaotegemewa pia kulipa gharama ya Uwanja wa Talanta. Fedha za ujenzi huo zilipatikana kwa hatifungani ya Shilingi za Kenya bilioni 44.79, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025, italipwa kwa miaka 15, na waliokopesha wanapata riba ya zaidi ya asilimia 15 kwa mwaka.

Tanzania nayo, kuanzia mwaka wa fedha 2021/22, iliamua kwamba asilimia 5 ya kodi inayotokana na kubashiri matokeo ya michezo iende kwenye Mfuko wa Maendeleo ya Michezo. Serikali iliona kwamba sekta inayojipatia faida kutokana na mpira irudishe kidogo kwenye mpira.

Hoja ya watetezi wa utaratibu huu ni nyepesi kueleweka. Wanasema kamari ipo, sheria imeiruhusu, na bora itozwe kodi kuliko kuachwa bure. Wanasema pia kwamba kodi ikishaingia serikalini, shilingi haina jina, na hakuna anayeweza kusema shilingi hii ilitoka kwa mcheza kamari na hii ilitoka kwa muuza samaki. Hoja hizo tunaziheshimu. Hukumu ya kifikihi juu ya fedha za aina hiyo zinapokuwa mikononi mwa serikali tunawaachia masheikh wetu. Hukumu ya kamari yenyewe haina utata kwa Muislamu, kwani Suratul Maidah katika aya ya 90 imeiweka kundi moja na ulevi.

Kinachotutia wasiwasi sisi kama wazazi ni kitu kinachoweza kumgusa hata asiyekuwa Muislamu, nacho ni utegemezi. Mfuko unaokua kwa kodi ya kamari hunenepa pale kamari inaponenepa. Kijana wa miaka 19 anayeweka mkeka kila Ijumaa usiku kwa matumaini ya kulipa kodi ya chumba ndiye, bila kujua, mmoja wa wafadhili wa uwanja ambao huenda hatapata nauli ya kwenda kuuona. Michezo tunayosema itamwepusha na upotevu inalipiwa na upotevu wake. Na serikali inayotegemea mapato hayo inapotakiwa kuibana kamari, huwa imejiweka katika nafasi ya mwenye duka anayeombwa awazuie wateja wake.

Si kwamba serikali hazioni madhara. Januari 2019 Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya za kampuni za kubashiri wala kuhuisha za zamani, ikieleza kwamba vijana wanaacha kazi na kupoteza mali. Biashara hiyo bado ipo. Aprili 2025 Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku zikaisha. Wakati huohuo, katika ligi zetu, baadhi ya klabu kubwa zimevaa kifuani majina ya kampuni hizo, na mtoto wa miaka saba anayevaa jezi ya timu aipendayo anatembea mtaani akiwa bango la kamari aliyolipia baba yake.

Zinakoishia

Swali la pili ni wapi fedha hizo huishia. Ukitazama orodha tuliyoitaja, nyingi huishia juu: kwenye viwanja vikubwa, kwenye ada za uenyeji, na kwenye zawadi za timu za taifa na klabu. Tanzania ilipoanza Februari 2023 kutoa Shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, zile zilizoitwa fedha za "goli la Mama", nchi nzima ilizihesabu. Motisha ina nafasi yake. Lakini mchezaji anayefunga bao hilo alianza kama mtoto aliyecheza peku kwenye kiwanja cha shule, na kiwanja hicho kina haki ya kuulizwa hali yake.

Hapa ndipo Kakamega inaporudi kwenye mazungumzo yetu. Mtoto wa Tanzania anayefika kwenye michezo ya shule za Afrika Mashariki amepita njia ndefu. Huanzia shuleni, akapanda wilaya na mkoa, akafika UMISSETA ya taifa, na wachache ndio huvuka mpaka. Katika kila ngazi kuna nauli, sare, chakula, malazi na mwalimu wa kuandamana naye, na mara nyingi mzigo huo huangukia shule na wazazi. Shule yenye uwezo hupeleka watoto wake. Shule isiyo na uwezo hupongeza watoto wake, kisha huwaacha nyumbani. Kwa hiyo ushirikiano wa mkataba wa Arusha, ukifika kwa mtoto wa familia ya kipato cha chini, hugeuka kuwa mchango ambao mama yake hana.

Kuna mfano wa karibu unaoonyesha kwamba fedha za kudumu, hata zisipokuwa nyingi, zina faida. Tangu mwaka 2002 Rais wa Rwanda, Paul Kagame, amekuwa akitoa zawadi ya Dola 60,000 kwa mashindano ya klabu bingwa za Afrika Mashariki na Kati, na mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1974, yakachukua jina lake. Kiasi hicho ni kidogo mno ukikilinganisha na ada ya Dola milioni 30, lakini klabu nyingi za ukanda huu zimekutana kwa sababu yake. Hata hivyo kuna miaka ambayo mashindano hayo hayakufanyika, na hilo nalo ni funzo. Zawadi ya mtu mmoja, hata akiwa rais, haitoshi kuendesha mashindano. Panahitajika fungu linalojulikana, linaloandikwa kwenye bajeti na kusomwa bungeni kila mwaka.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nchi zetu zina wakaguzi wakuu wa hesabu za serikali, na ripoti zao hupelekwa bungeni. Tunasoma humo habari za barabara, maji na dawa. Ni haki ya mzazi kusoma humo pia habari za michezo: kodi ya kamari ilileta kiasi gani mwaka huu, kiasi gani kilikwenda kwenye viwanja vikubwa, na kiasi gani kilivuka mpaka pamoja na mtoto wa shule.

Nafasi ya binti na heshima ya mgeni

Ushirikiano wa kweli hupimwa pia kwa nani ameweza kushiriki. Michezo haijawahi kuwa ngeni katika dini yetu, Mtume Muhammad (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe, Bibi Aisha, na habari hiyo inajulikana na kila mwalimu wa madrasa. Pamoja na hayo, binti wa Kiislamu mwenye kipaji cha netiboli au riadha mara nyingi huishia ngazi ya wilaya. Si kwa kushindwa uwanjani. Wazazi wake huogopa safari ya siku nyingi bila kujua atalala wapi, nani atakuwa naye, atavaa nini na atakula nini.

Hofu hizo nyingi zina tiba, na tiba yenyewe si ghali. Kuhusu mavazi, shirikisho la soka la dunia, FIFA, liliruhusu rasmi wachezaji kufunika kichwa tangu mwaka 2014, na shirikisho la mpira wa kikapu, FIBA, likafuata mwaka 2017. Kanuni za dunia zimekwishakubali. Kilichobaki ni mwalimu wa shule na mwamuzi wa wilaya kuzifahamu. Kuhusu malazi, bweni la wasichana lenye mlezi wa kike ni gharama ndogo ikilinganishwa na paa la uwanja mmoja. Kuhusu chakula na sala, ratiba inayoacha nafasi ya swala ya Ijumaa na jiko linalotenganisha nyama ni adabu ambayo mwenyeji yeyote wa pwani huijua bila kufundishwa.

Tunayasema haya kwa sababu fungu la serikali likipangwa vizuri linaweza kuyalipia yote. Likiachwa kwa wafadhili, atalipa mwenye bidhaa ya kuuza, na bidhaa hiyo safari hii huenda isiwe sabuni.

Tunachoomba, na tunachoweza kufanya

Hatusemi serikali zijitoe kwenye michezo ya ujirani. Tunasema kinyume chake: ziingie kwa ukamilifu zaidi, na ziingie kwa mlango ulio safi. Tunaomba mambo matatu.

La kwanza, michezo ya shule inayovuka mipaka ipewe fungu lake katika bajeti ya kawaida ya kila nchi, lisilotegemea kodi ya kamari, ili safari ya mtoto isiwe inapungua pale vijana wanapoacha kubeti. Kila nchi ikilipia nauli na malazi ya watoto wake, na mwenyeji akitoa viwanja na ulinzi, hesabu yake haitakaribia gharama ya uwanja mmoja mkubwa.

La pili, fedha za kamari zilizokwisha kusanywa zitangazwe kwa uwazi, na kama ni lazima zitumike, zianze kwa kutibu majeraha ya kamari yenyewe: ushauri kwa vijana waliozama, na elimu mashuleni juu ya hesabu halisi ya mkeka, namna unavyopangwa ili mwenye duka asishindwe.

La tatu, viwanja vilivyojengwa kwa ajili ya wageni vifunguliwe kwa wenyeji. Uwanja wa watu 30,000 unaofunguliwa mara sita kwa mwaka ni mali iliyolala. Viwanja vyake vya mazoezi vinaweza kutumiwa na shule za jirani asubuhi, na netiboli ya wasichana ikapewa siku yake maalumu.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu, ambayo haihitaji kusubiri bunge. Katika mkutano wa wazazi shuleni huwa tunauliza matokeo ya mitihani na ada. Tuulize pia: je, shule yetu ina timu, mwaka huu ilifika wapi, na ni mtoto gani aliyeachwa kwa kukosa nauli? Msikiti unaochangisha kwa ajili ya mazulia unaweza kuchangisha nauli ya binti mmoja na mlezi wake. Baba anayenunua jezi anaweza kumtafutia mwanawe isiyo na jina la kamari, au akamwomba fundi wa mtaani alifunike. Na kabla ya kumkemea kijana kwa kubeti, tukae naye tuhesabu pamoja alichoweka na alichopata kwa miezi mitatu. Mara nyingi karatasi hiyo humfundisha zaidi ya ukali.

Wageni wa Kombe la Mataifa ya Afrika watakapokuja, watatukuta na viwanja vinavyong'aa, in shaa Allah, na tutafurahi pamoja nao. Lakini kila mwaka mwezi Agosti kuna wageni wengine, wa miaka kumi na sita na kumi na saba, wenye mabegi ya shule na viatu vya kuazima, wanaovuka Namanga, Mutukula na Busia kwenda kucheza na wenzao. Hao ndio watakaokuwa majirani wa watoto wetu kwa miaka hamsini ijayo, na gharama ya safari yao ndiyo tunayoiombea nafasi katika bajeti.